Kaimu Kamanda

4 Februari

Mwanangu Kengele,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na hayo unayajua. Dada yako, huyu binti yangu niliyekuja kumwangalia, amejifungua salama, mtoto wa kike, nywele kichwa kizima, na mapafu kama yako ulipokuwa mchanga, yale yaliyofanya mpaka leo tukuite Kengele. Mjukuu wangu huyu hanibanduki. Nikimrudisha kwa mama yake analia, nikimchukua kimya. Baba yake ananiuliza nina dawa gani. Namwambia dawa ni mikono.

Mguu wa baba yako unaendeleaje? Mwambie kaka yangu aache ubishi, afunge ile bandeji aliyopewa. Hakupewa ya kutundika ukutani.

Sasa tuje kwenye jambo langu. Nimekuachia ulinzi wa mtaa kwa sababu ya sauti yako, na kwa sababu kwenye mashine ya kusaga unaonana na kila mtu. Wewe ni Kaimu Kamanda. Kaimu ni mtu anayemshikia mwenzake kitu, na mwenye kitu yupo, anakula, anapumua, na mwezi wa nne anarudi.

Nakukumbusha ingawa najua utanuna. Fimbo ni ya kuegemea, si ya kupigia. Mtu akikamatwa anakaa chini, anapewa maji, anapelekwa kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Na ni marufuku kuita “mwizi.” Sisi tunaita “mgeni.” Unamkumbuka yule muuza mikate aliyekuwa analikimbilia basi. Mpumbavu mmoja akaita “mwizi,” mtaa mzima ukatoka na mawe, na mpaka leo kaka wa watu anatembea kwa kuinama upande. Ukiita “mgeni,” watu wanatoka mbio vilevile, lakini hakuna anayeokota jiwe kwa ajili ya mgeni. Neno hilo nililitafuta mwenyewe, na ndilo lililoanzisha ulinzi wetu.

Seremala ni msaidizi wangu, mwulize kabla hujaamua lolote. Msalimie. Mwambie sijapata salamu zake.

Na uniandikie, usinipigie. Kwenye simu unaniweka spika, nikikohoa mtaa mzima unasikia.

Shangazi yako,
Kamanda wa Ulinzi


22 Februari

Shikamoo shangazi,

Hongera sana kwa mjukuu. Barua yako ilikaa posta mpaka baba alipokumbuka kupita, nisamehe. Mguu anasema umepona, halafu akisimama anakunja uso. Mashine ya kusaga ilikatika mkanda, mwenye mashine akawa anatuangalia sisi wafanyakazi kama vile tumeula. Sasa inanguruma tena, na mimi nina unga mpaka kwenye kope.

Ulinzi unaendelea vizuri. Kuna mtu alikamatwa mchana kweupe na mtungi wa gesi wa jirani begani. Vijana wa zamu walitaka kumtia adabu kidogo. Nikawaambia maneno yako neno kwa neno, na ile sauti yako nikaiweka. Akakaa chini, akanywa maji, akaenda kituoni kwa miguu yake. Askari aliuliza mara mbili kama kweli ni sisi tuliomkamata, maana hakuwa na hata mkwaruzo.

Lakini kuna lililotupata, na tafadhali usicheke, au cheka kidogo. Mama Duka alifikiwa na wageni, wakwe zake, watu wazima wenye heshima zao. Binti yake alikuwa barazani. Alipowaona wanakuja na mizigo, furaha ikampanda kichwani, akapiga ukelele, “Mgeni! Mama, mgeni!” Jirani akadaka, “Mgeni!” Wa pili akapokea. Zamu nzima ikatoka, Seremala akiwa mbele na ubao. Mama mkwe akatupa begi, akarudi nyuma, akaingia mtaroni. Wakazungukwa, wakakalishwa chini, wakapewa maji, kama ulivyotufundisha. Baba mkwe akashukuru sana kwa maji, akidhani ndiyo mapokezi yetu, mpaka alipoambiwa ainuke waende kituoni.

Tuliomba radhi mpaka midomo ikakauka. Mama Duka bado haniuzii sukari bila kunikodolea macho. Kwa hiyo tulikaa kikao, tukakubaliana neno jipya. Sasa tunaita “Tokeni!” Halimtaji mwizi wala mgeni, linawatoa watu ndani basi. Pia kila nyumba imeweka ndoo ya mchanga mlangoni kwa ajili ya moto, na Jumamosi jioni tunafanya mazoezi. Wengine wamejichangisha, tumepata vizibao vya kung'aa, vimeshonwa na yule fundi wa mtaa wa pili. Watu sasa wanatuona tukiwa mbali.

Usiwe na wasiwasi, lea mjukuu wako.

Mwanao,
Kengele, Kaimu Kamanda


10 Machi

Kengele,

Salamu. Sote wazima. Mama mkwe wa dada yako amekuja kutusaidia. Mwanamke ana sauti laini kama anaongea na mgonjwa. Kaja na begi kubwa, kwa hiyo siwezi kukuambia anaondoka lini. Mtoto anapenda sauti laini, inaelekea. Mimi sasa nafua nepi.

Barua yako nimeisoma mara moja kwa macho, kuanzia hapo naisoma kwa roho, na roho inaniuma. Nani alikuruhusu kubadilisha neno langu? Tokeni! Tokeni ni neno la kufukuzia kuku. Wakwe wa Mama Duka walilowa matope, wakapewa maji, wakaenda zao kula. Kuna aliyevunjwa mguu? Hakuna! Basi neno lilifanya kazi yake. Wewe ungemfundisha yule binti jinsi ya kupokea watu, kuliko kuniitia kikao mimi nikiwa sipo.

Halafu vizibao. Wewe mtoto wewe! Miaka yote nimelinda mtaa ule na koti la marehemu mume wangu, kwapani lina tundu ngumi inapita. Naondoka tu, mnang'aa. Na mmempa nani kazi? Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu imefunikwa shuka ndani ya nyumba yangu na ufunguo unao wewe. Mngeniandikia, ningekata huku, ningeshona huku, ningewatumia na basi. Lakini akatafutwa fundi wa mtaa wa pili, mwanamke asiyejua kugeuza kola! Viangalie kwapani. Mwezi hauishi, vitaachia.

Na mazoezi ya Jumamosi? Nilipokuwa nawaambia mimi tufanye mazoezi, kila mtu alikuwa na mgonjwa wa kumwangalia. Leo wanakuja kwa nani? Wanakuja kwa vizibao.

Seremala bado hajaniletea salamu, mtu niliyemfundisha kupuliza filimbi bila kutema mate. Nimeelewa.

Nitarudi mwezi wa nne kama nilivyosema. Au wa tano, itategemea.

Kamanda


3 Aprili

Shikamoo shangazi,

Nimechelewa kukuandikia, kulikuwa na mambo mengi. Baba anakusalimia. Mguu sasa ni mzima kabisa.

Nina habari ya kukupa. Karakana ya Seremala imeungua. Ilikuwa mchana, cheche ya msumeno wake wa umeme iliingia kwenye maranda, na upepo ulikuwa mkali. Tuliita “Tokeni” na watu wakatoka, kila mtu na ndoo yake, kama tulivyofanya mazoezi. Gari la zimamoto lilifika tukiwa tunamwagia majivu maji. Hakuna aliyeumia. Moto haukuvuka kwenda nyumba ya wapangaji. Bibi wa Miwani, yule mpangaji asiyeweza kutembea, anasema mwanzoni alisikia kelele akadhani wanawake wanagombania bomba.

Seremala anakusalimu. Amelia sana, vifaa vyake vyote vimekwenda.

Vizibao havijaachia kwapani.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mwanao,
Kengele
Kamanda wa Ulinzi


12 Aprili

Kengele,

Mpe pole Seremala. Mwambie nimesikitika kwa moyo wangu wote, na hilo ni la kweli.

Sasa wewe. Unadhani nimezeeka? Karakana ya Seremala iko upande huu, nyumba ya wapangaji iko upande ule, na katikati ni nini? Katikati ni jiko langu! Jiko la mbao tupu, alilonijengea Seremala huyohuyo kwa mabaki ya kazi zake, mbao kavu zinazokaribia kuwaka zenyewe. Limeegemea ukuta wa Bibi wa Miwani. Unaniambia moto wenye upepo nyuma yake ulimaliza karakana nzima, ukafika kwenye jiko langu, ukageuza? Uliona haya?

Nimempigia kaka yangu. Nikamwuliza, “Jiko langu liko wapi?” Akaanza kunisimulia habari za mguu, jinsi unavyomsumbua. Mguu huo wewe unaniandikia ni mzima kabisa! Nikajua mmekaa mkapanga cha kuniambia, na hata kupanga hamkupanga vizuri.

La pili. Barua ya mwezi wa pili umemaliza kwa kuandika Kaimu Kamanda. Hii umeandika Kamanda. Kaimu imeenda wapi? Wino ulikuishia?

Nilitakiwa nijue tangu siku ile. Ulinisindikiza stendi, ukanibebea kila kitu, ukanipungia mkono mpaka basi likakata kona. Nikamwambia jirani yangu wa kiti, huyu mtoto ananipenda. Kumbe ulikuwa unahakikisha basi limeondoka.

Cheo umechukua. Neno umebadilisha. Watu wangu umewavisha nguo za mwanamke mwingine. Na jiko nadhani limeungua mkiwa mmesimama na vindoo vyenu mnaliangalia, mkasema, la yule mama, si hayupo? Basi sema! Niandikie ukweli au usiniandikie kabisa.

Kamanda, na sijasikia mtu aliyenivua


29 Aprili

Shikamoo shangazi,

Umeniambia niandike ukweli. Nimechana karatasi nyingi, hii sitaichana.

Jiko lako halikuungua. Nililivunja. Niliamuru mimi.

Tulipofika, karakana ilikuwa imeshashika mpaka paani na upepo ulikuwa unasukuma moto moja kwa moja kwenye jiko. Mchanga ulikuwa hautoshi hata kuusogelea. Nyuma ya jiko ni ule ukuta, nyuma ya ukuta ni chumba cha Bibi wa Miwani, na baada yake chumba baada ya chumba, watoto ndio kwanza wametoka shule. Waliotumwa kumbeba Bibi walikuwa wanahangaika naye mlangoni, unaujua mwili wake. Nikasema, “Vunjeni hilo jiko, mbao zote zivutwe barabarani, moto ukifika ukute patupu.”

Shangazi, hakuna aliyeinua mkono. Wamesimama na mashoka. Seremala, karakana yake inateketea mgongoni kwake, ananiambia, “Hilo ni jiko la Kamanda. Hatuligusi bila Kamanda kusema.” Mwingine akasema, “Mpigie simu kwanza.” Nikapiga! Hukupokea. Nikapiga tena. Nikamwambia Seremala, “Vunja.” Akanijibu, hakuwa na ubaya, alinijibu kwa upole kabisa, “Mwanangu, wewe ni kaimu.”

Ndipo nikapaza sauti yote niliyozaliwa nayo, nikasema, “Kaimu imekwisha. Kamanda ni mimi. Vunja!”

Wakavunja. Seremala ndiye aliyepiga shoka la kwanza, na alikuwa analia, na mimi nilidhani analilia karakana. Tulivuta bati la mwisho wakati mbao za karakana zinaangukia pale jiko lilipokuwa. Zikaangukia udongo mtupu, tukazimwagia mchanga. Huko ndiko kaimu ilikoenda. Sikuifuta kwenye karatasi, niliifuta kwa mdomo mbele ya watu.

Na lipo jingine, maana nikianza nimalize. Wiki iliyofuata walikaa kikao, wakanipigia kura, nikawa Kamanda moja kwa moja. Ningeweza kukataa, nikasema tumsubiri shangazi. Sikusema. Tangu utoto nimekuwa “yule mtoto wa kaka yake Kamanda.” Kwenye mashine watu walikuwa wananipa mahindi na kuniuliza, shangazi yako hajambo? Hawaulizi mimi. Nilikuwa nalitazama lile koti lako lenye tundu natamani liwe langu. Kwa hiyo usidhani wivu uko huko kwako peke yako. Ila siku ile ya stendi nilikuwa nakupungia mkono kwa sababu nilikuwa naogopa.

Vyombo vyako vyote tulivitoa kabla ya kuvunja, hakuna hata kijiko kilichopotea. Mtaa umechanga mbao mpya. Seremala anasema atakujengea jiko palepale, kubwa kuliko la zamani, hataki malipo. Hajakuandikia miezi yote hii kwa sababu hajui kuandika vizuri na anakuonea aibu. Tunangoja utuambie mlango uangalie upande gani.

Ukitaka cheo chako, njoo. Nitaitisha kikao mimi mwenyewe, na utanishinda, najua. Lakini sitakudanganya kwamba nitafurahi.

Mwanao,
Kengele


15 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Baba yako hajambo? Mwambie nimemsamehe yeye na mguu wake. Mjukuu amejua kucheka. Anacheka hasa akimwona bibi yule mwingine, mwenye sauti laini. Mimi akiniona ananikodolea macho kama mtu anayejaribu kukumbuka alinikopa nini.

Siku ile uliyopiga simu, niliiona inaita. Nilikuwa nimekaa uani na beseni la nepi. Nikaona jina lako, nikasema, aha, leo amekwama, leo ananihitaji, acha iite. Ikaita ikakatika. Ikaita tena. Nilijisikia vizuri, Kengele, nakwambia ukweli wangu kwa kuwa umeniambia wako. Nilikaa pale nimeshika nepi ya mtoto, natabasamu.

Tangu nipate barua yako nalala najiuliza ningepokea ningesema nini. Najijua. Ningesema, ngoja. Ningesema, jaribuni mchanga kwanza. Ningemtafuta Seremala nimwulize kama hakuna njia nyingine, maana lile jiko nilililia mwaka mzima mpaka nikajengewa. Na tukiwa bado tunaulizana, Bibi wa Miwani yuko mlangoni na mwili wake. Halafu ningerudi nyumbani nikute jiko limeungua, na ukuta, na yeye, na wote mngesema Kamanda aliwaambia mngoje.

Kwa hiyo kura waliyopiga imepigwa vizuri. Nimeandika sentensi hiyo na mkono umeniuma. Usiitishe kikao chochote. Na usidhani wivu umekwisha, wivu upo, nimeamka nao leo asubuhi, tumekunywa chai pamoja. Nikifikiria vile vizibao nasikia joto. Lakini huo ni wangu, nitakaa nao mwenyewe, haukuhusu.

Jiko msijenge. Mwambie Seremala namshukuru, mbao hizo ajengee karakana yake, tena aijengee mbali zaidi na ukuta. Pale palipokuwa na jiko paachwe patupu hivyohivyo, pasiwekwe kitu hata kamba ya kuanika nguo. Moto ukija siku nyingine ukose pa kukanyaga. Mimi nitapika kwako. Utanivumilia, na mimi nitaivumilia chumvi yako.

Huku sihitajiki, nilikuwa naona haya kukuandikia. Dada yako hajaniambia niondoke, ila jana aliniuliza kama huko mvua zimekwisha, na mimi najua kusikia.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo, na basi la mchana. Usimwambie mtu, hata Seremala. Usije stendi. Nitatembea polepole na begi langu kutoka barabarani mpaka nyumbani, nione kama kuna mtu ambaye kwa kusahau ataniita Kamanda. Akiniita, nakuomba, usimsahihishe nikiwa nasikia.

Shangazi yako